Makaburi ya Kumbukumbu ya Wapanda Milima chini ya Ostrva: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unajibu maswali ambayo wageni wa Tatra ya Juu, nchini Slovakia, huuliza tena na tena kuhusu Symbolický cintorín, makaburi ya kumbukumbu yaliyo karibu na ziwa Popradské pleso. Mwenye haraka aende moja kwa moja kwenye sehemu ya kufika. Mwenye nafasi asiruke sehemu ya kusoma vibao, kwa sababu mahali pale pametengenezwa ili pasomwe.

## Mambo ya msingi

Haya ni makaburi kweli, au ni mnara wa kumbukumbu tu?

Ni makaburi ya kumbukumbu. Si mahali pa kuzikia. Walioandikwa majina yao wamezikwa makwao, au miili yao haikuonekana kabisa. Ndiyo maana hutakuta vilima vya udongo wala safu za makaburi. Utakuta njia nyembamba ya mawe inayopanda na kuzunguka msituni, majabali yaliyofungwa vibao vya chuma na vya mawe, misalaba ya mbao iliyochongwa na kupakwa rangi, na kanisa dogo la mawe lenye nafasi ya watu wachache.

Neno la Kislovakia "cintorín" maana yake ni makaburi, na hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Neno linalobeba maana ni lile la kwanza, "symbolický".

Yako wapi hasa?

Kwenye mteremko ulio chini ya kilele cha Ostrva, juu kidogo ya ziwa Popradské pleso, ambalo liko mita 1,494 kutoka usawa wa bahari. Bonde lote linaitwa Mengusovská dolina, na limo ndani ya hifadhi ya taifa ya Tatra, inayojulikana kwa kifupi chake TANAP, iliyoanzishwa mwaka 1949.

Bonde hilo ndilo njia ya kupandia Rysy, kilele cha mita 2,503 kwa upande wa Slovakia, na ndilo lango la kuta kadhaa zinazopendwa na wapanda miamba. Kwa hiyo anayekwenda kupanda huko hupita dakika chache tu kutoka kwenye vibao, asubuhi akipanda na jioni akishuka.

Nani aliyaanzisha, na lini?

Wazo ni la Otakar Štáfl, mchoraji wa Kicheki aliyezaliwa mwaka 1884 na kuchora milima ya Tatra kwa miaka mingi. Wakati ule kumbukumbu za waliokufa zilikuwa zimetapakaa mlimani: msalaba huku, kibao kule, kila familia ikiweka pale ndugu yao alipoanguka. Baadhi ziliwekwa mahali ambapo kuzifikia tu kulikuwa hatari, nyingine zilifunikwa na mawe au kung'olewa na theluji. Štáfl alitaka ziwe na mahali pamoja, panapofikika na mama mzee anayekuja kumkumbuka mwanawe.

Ujenzi ulifanyika kati ya mwaka 1936 na 1940. Štáfl mwenyewe hakufia mlimani. Aliuawa Prague tarehe 14 Februari 1945, mji huo uliposhambuliwa kwa mabomu.

Kaulimbiu ya makaburi haya, inayonukuliwa kila mahali, inasemaje?

Kwa Kiswahili: kwa ukumbusho wa waliokufa, kwa tahadhari ya walio hai. Nusu ya kwanza ingeweza kuandikwa kwenye makaburi yoyote duniani. Nusu ya pili ndiyo inayoeleza kwa nini eneo hili liko njiani, na si nyuma ya kanisa la mjini. Msomaji aliyekusudiwa ni yule mwenye kamba begani.

Kwa nini misalaba ina rangi kali namna ile?

Imechongwa kwa mtindo wa Detva, eneo la katikati ya Slovakia lenye desturi ya zamani ya misalaba ya mbao yenye nakshi. Simama karibu na mmoja uutazame: uso wote wa mbao umejaa maua, majani na mistari ya kujikunja, na rangi imetiwa ndani ya mikato. Kwa hiyo hata rangi ya juu ikififia, nakshi bado husomeka kwa kivuli chake.

Mbao hazidumu kama shaba. Msalaba huanza kuoza pale unapogusana na udongo, kwa sababu hapo unyevu hautoki. Maji pia huingia kwenye nyufa, yakaganda usiku, yakatanuka na kupanua ufa. Ukiona msalaba mpya kando ya wa kijivu, ujue kazi ya kuutunza msitu huu wa kumbukumbu haina mwisho.

Ile miti mikubwa ni miti gani?

Ni limba, msonobari wa milima mirefu unaokua polepole sana. Ili uutofautishe na kosodrevina, msonobari mfupi unaotambaa chini na kujaa pande zote za bonde, okota kijitawi kilichoanguka uhesabu sindano zake. Limba hutoa sindano tano kutoka kichipukizi kimoja, kosodrevina mbili. Usivunje tawi bichi. Hifadhi ni hifadhi, na mti unaouvunja tawi huenda una umri mkubwa kuliko babu yako.

## Wanaokumbukwa ni nani

Wote walifia Tatra?

Hapana. Wengi walifia Tatra, lakini makaburi haya yanawakumbuka pia watu wa Tatra waliofia milima ya mbali. Hawa ndio wanaohitaji zaidi mahali kama hapa, kwa kuwa mara nyingi nyumbani hakuna kaburi la kwenda kusimama.

Fikiria mambo mawili. Tarehe 31 Mei 1970 tetemeko kubwa la ardhi nchini Peru liliangusha barafu na mawe kutoka mlima Huascarán, na kambi ya msafara wa wapanda milima wa Czechoslovakia ikafukiwa na watu wote 14 waliokuwamo. Mwenzao wa 15 alikuwa amekufa siku chache kabla. Oktoba 1988 Waslovakia wanne, Dušan Becík, Peter Božík, Jaroslav Jaško na Jozef Just, walipanda ukuta wa kusini-magharibi wa Everest bila mitungi ya oksijeni. Just alifika kileleni. Wakati wa kushuka mawasiliano ya redio yakakatika, na hakuna hata mmoja aliyepatikana. Familia ya mtu wa namna hiyo huweka wapi shada la maua? Swali hilo ndilo linalojibiwa na kibao kilichofungwa kwenye jabali.

Ni wapanda milima peke yao?

La. Wamo viongozi wa milimani, waokoaji, na watembeaji wa kawaida waliokuwa kwenye njia zenye alama. Umri nao unatofautiana sana. Ukifanya hesabu ya miaka kwenye vibao vichache tu, utakuta wengi hawakufika 30.

Kile kipande cha pangaboi ni cha nini?

Ni cha helikopta ya uokoaji. Tarehe 25 Juni 1979 helikopta ya aina ya Mi-8 iliyokuwa imekwenda kumchukua majeruhi ilianguka katika bonde la jirani, Mlynická dolina, na watu saba wakapoteza maisha. Kipande cha pangaboi lililovunjika kimewekwa hapa kama kumbukumbu yao.

Wageni wengi hukipita wakidhani ni chuma cha ujenzi kilichosahauliwa. Kitazame vizuri, hasa pale kilipovunjikia. Katika eneo lote hakuna kitu kinachoeleza kwa ufupi zaidi kwamba anayemfuata majeruhi mlimani huingia katika hatari ileile.

Waokoaji wa upande wa Poland je?

Mpaka unapita juu ya mgongo wa milima, na uokoaji haujawahi kuujali sana. Jina linalotajwa zaidi ni la Klimek Bachleda, kiongozi wa milimani kutoka Zakopane na mwokoaji wa TOPR, kikosi kilichoanzishwa mwaka 1909. Agosti 1910 alikwenda kumsaidia mpandaji aliyekwama kwenye ukuta wa kaskazini wa Malý Javorový štít, mlima ambao leo uko Slovakia. Mvua ilikuwa inanyesha, mawe yanaporomoka, na kiongozi wa kikosi, Mariusz Zaruski, akaamuru watu warudi. Bachleda aliendelea peke yake na hakurudi. Alikuwa mzee wa karibu miaka 60. Kaburi lake halisi liko Zakopane, kwenye makaburi ya Pęksowy Brzyzek.

## Kusoma vibao

Sijui Kislovakia. Nitaelewaje kilichoandikwa?

Maneno ni machache na yanajirudia, kwa hiyo ukijifunza kama 15 utasoma sehemu kubwa ya vibao. Nyota mbele ya tarehe ni kuzaliwa, msalaba ni kufa. Tarehe huanza na siku, kisha mwezi, ambao mara nyingine huandikwa kwa tarakimu za Kirumi: 17. VIII. ni tarehe 17 Agosti.

"Zahynul" ni alikufa kwa ajali, akiwa mwanaume, na "zahynula" akiwa mwanamke. Kicheki hutumia maneno hayohayo. Kipolandi ni "zginął" na "zginęła". Kwenye vibao vya Kijerumani utaona "abgestürzt", yaani alianguka kutoka juu, au "verunglückt", alipata ajali. Kihungaria kina "emlékére", kwa ukumbusho wa. "Lavína" ni maporomoko ya theluji. "Horolezec" ni mpanda milima, na "horský vodca" ni kiongozi wa milimani. "Spomíname" maana yake tunamkumbuka.

Maneno ya mahali ndiyo yanayokuambia alikufaje: "štít" ni kilele, "stena" ukuta wa mwamba, "hrebeň" mgongo wa mlima, "žľab" korongo jembamba la kuteremkia, "sedlo" sehemu ya chini kati ya vilele viwili, "dolina" bonde. Majina ya ukoo yanayoishia na "-ová" ni ya wanawake.

Kuna la kujifunza kutoka kwenye tarehe, au ni huzuni tu?

Lipo, na ndiyo nusu ya pili ya yale maneno. Soma mwezi na mahali kwa pamoja.

Juni na mwanzo wa Julai pamoja na neno "žľab" au "sedlo": mara nyingi hii ni theluji ya zamani. Bondeni ni kiangazi, watu wamevaa kaptula, lakini makorongo yanayotazama kaskazini bado yana theluji ngumu kama sakafu. Anayeikanyaga asubuhi kwa viatu vya raba huteleza, na katika sekunde chache mwendo unakuwa mkubwa kiasi kwamba mikono haisaidii kitu. Kinachozuia ni shoka la barafu na meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu, pamoja na kujua kuvitumia. Kama huna, geuka.

Julai na Agosti kwenye migongo na vilele: radi. Wingu hukua kuanzia saa sita mchana na kupasuka alasiri. Mtu aliye juu kwenye minyororo ya chuma ya kushikilia wakati huo amekwishachelewa. Ndiyo sababu wenyeji huondoka alfajiri na kutaka kuwa wameshuka kutoka kileleni kabla ya saa saba mchana.

Septemba na Oktoba: umande wa asubuhi hugeuka utando wa barafu juu ya mwamba, hauonekani kwa macho, na mchana ni mfupi. Kuanzia Desemba hadi Aprili: maporomoko ya theluji, ambayo kwa kawaida hung'oka kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, ile ile inayoonekana rahisi kuvukwa. Aliyefukiwa ana nafasi nzuri ya kupona akifukuliwa ndani ya dakika 15 hivi. Baada ya hapo nafasi hiyo hushuka haraka, na kikosi cha uokoaji hata kikiondoka papo hapo huwa bado kiko njiani. Anayekuokoa ni mwenzako uliyepanda naye, kama ana kifaa cha kutafutia, fimbo ndefu ya kuchomea theluji na koleo.

Kuna jambo ambalo kibao hakisemi lakini linastahili kujulikana: ajali nyingi hutokea wakati wa kushuka. Miguu imechoka, lengo limekwisha, na macho yako kwenye chai ya bondeni.

## Kufika na kutembelea

Nafikaje kutoka Poprad?

Panda treni ya umeme ya Tatra kutoka kituo cha Poprad-Tatry. Majukwaa yake yako ghorofa ya juu, tofauti na ya treni kubwa, na wengi hupoteza safari moja wakiitafuta chini. Nenda mpaka Starý Smokovec, kisha endelea kwa njia ya kwenda Štrbské Pleso, ushuke kituo kidogo kiitwacho Popradské Pleso.

Angalia jina hilo. Kituo kina jina la ziwa lakini hakiko ziwani. Kutoka hapo kuna barabara ya lami inayopanda msituni kwa takriban saa moja na robo. Magari ya wageni hayaruhusiwi. Ukifika ziwani, fuata alama za njano zilizoandikwa "Symbolický cintorín". Ni dakika chache tu.

Njia nyingine ni ya alama nyekundu kutoka Štrbské Pleso, inayochukua muda kama huohuo. Ina mandhari nzuri zaidi, lakini ni ya mawe na mizizi. Theluji ikiwepo, chagua ya lami, kwa sababu hiyo nyekundu hukatiza chini ya mteremko unaoporomosha theluji.

Makaburi hufunguliwa lini?

Kiangazi na mwanzo wa majira ya vuli. Kuanzia tarehe 1 Novemba hadi Juni eneo hufungwa, pamoja na njia za juu za hifadhi. Siku kamili ya kufungua isome kwenye tangazo la TANAP la mwaka huo kabla ya kupanga safari, kwa kuwa kanuni hurekebishwa.

Sababu si usumbufu wa kiofisi. Mteremko wa Ostrva huporomosha theluji, na makaburi yako chini yake. Ziwa lenyewe na nyumba ya wageni hufikika majira ya baridi kwa barabara ya lami, lakini kuona alama za miguu ya watu zinazoelekea kwenye vibao si ruhusa wala dalili ya usalama. Aliyetangulia alibahatika tu.

Nipange muda gani?

Wanaopita kwa miguu bila kusimama humaliza kwa robo saa. Mwenye kusoma apange dakika 45 hadi saa moja. Ukijumlisha kupanda na kushuka kutoka kituo cha treni, nusu siku inatosha bila kukimbizana. Nenda asubuhi: jua huingia kati ya limba kwa pembe inayofanya maandishi ya kuchonga yasomeke, na vikundi vikubwa huanza kufika karibu na saa tano.

Wazee, watoto na wenye kiti cha magurudumu wataweza?

Barabara ya lami mpaka ziwani, ndiyo, hata kwa kigari cha mtoto, ingawa mteremko unachosha mikono ya anayesukuma. Ndani ya makaburi, hapana kwa magurudumu. Njia ina ngazi za mawe zisizolingana urefu, na mizizi inayoteleza baada ya mvua. Mzee anayetembea kwa mkongojo huweza kwa taratibu, akishikwa mkono kwenye ngazi. Viatu viwe na nyayo zenye meno. Mtoto mdogo mshike muda wote.

Kwa nini njia ina mwelekeo mmoja?

Ni nyembamba, na watu wawili wakikutana mmoja hulazimika kukanyaga nje. Nje ndiko kuna udongo mwembamba unaoshikilia mizizi ya limba. Fuata mshale, wapishe waliosimama mbele ya kibao, na kama umepitwa na kitu, zunguka upya.

## Adabu na kanuni

Naweza kuwasha mshumaa au kuacha maua?

Maua ya kawaida yasiyofungwa plastiki, ndiyo, na moja linatosha. Mshumaa ni jambo la kufikiria mara mbili. Uko ndani ya msitu wenye mbao kavu na sindano za msonobari, na moto wa wazi hauruhusiwi ndani ya hifadhi. Usiwashe chini ya msalaba wala kwenye mizizi. Kikombe cha plastiki cha mshumaa kikiachwa, upepo hukichukua mpaka ziwani. Ulichopanda nacho, shuka nacho.

Usibandike picha, usifunge utepe kwenye mti, usirundike vijiwe juu ya vibao. Mawe hushikilia maji na kuharakisha kutu kwenye skrubu. Ukitazama chini ya vibao vya zamani utaiona michirizi ya rangi ya kahawia ikishuka kwenye jabali.

Picha je?

Piga, kwa kiasi. Familia ikiwa mbele ya kibao, shusha kamera na usubiri. Usiegemee msalaba wala usiweke begi juu ya jabali lenye majina. Ndege ndogo zisizo na rubani haziruhusiwi katika hifadhi.

Mimi si Mkristo. Ni sawa kuingia?

Karibu bila wasiwasi. Kanisa na misalaba ni vya desturi ya nchi ile, lakini hakuna ibada unayotakiwa kushiriki. Kusimama kimya kunatosha, na ukitaka kumwombea marehemu kwa dini yako, omba kwa sauti ya chini.

Mbwa anaruhusiwa?

Akiwa amefungwa kamba, kama ilivyo katika hifadhi yote.

## Maswali magumu zaidi

Ndugu yangu alifia Tatra. Naweza kumwekea kibao?

Huwezi kukiweka mwenyewe. Kutoboa mwamba ndani ya hifadhi bila kibali ni kosa, na kibao kisicho na idhini huondolewa. Waandikie barua kwanza wanaosimamia makaburi, kabla hujaagiza chochote kwa fundi. Familia nyingi hufanya kinyume na kubaki na kibao kikubwa kisicho na pahali.

Katika barua eleza jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na ya kufa, mahali halisi pa ajali na shughuli aliyokuwa akifanya, kisha ambatanisha nakala ya hati ya kifo. Pendekeza maandishi mafupi. Jina, miaka na jina la mlima vinatosha, na ndivyo vinavyopendeza zaidi pale. Fundi wa shaba atakwambia mistari sita ni bora kuliko minne kwa sababu analipwa kwa herufi. Usimsikilize.

Na kama mwili haukupatikana?

Hilo halizuii kumbukumbu, kama ilivyoelezwa kwenye swali la waliofia milima ya mbali. Kinachosumbua familia ni sheria: bila mwili, hati ya kifo huchukua muda na hupitia mahakamani katika nchi ya marehemu. Malizeni hilo kwanza.

Ikiwa mtu ametoweka leo na bado anatafutwa, achana na habari za vibao. Wapigie waokoaji uwape jina la njia aliyosema atapita, rangi ya nguo zake na saa aliyoonekana mara ya mwisho.

Nikikuta ajali njiani nifanye nini?

Nambari ya waokoaji wa milimani wa Slovakia ni 18 300, na 112 hufanya kazi pia. Sema kwanza uko wapi, kisha kilichotokea, ni watu wangapi, na hali ya hewa ilivyo, kwa sababu hiyo huamua kama helikopta itaruka. Kama simu haina mtandao, toa ishara mara sita kwa dakika, kwa filimbi, taa au sauti, pumzika dakika moja, kisha rudia. Jibu ni ishara tatu kwa dakika. Helikopta ikikaribia, simama ukiinua mikono yote miwili kama herufi Y kuonyesha unahitaji msaada, na ufunge kila kinachopeperuka.

Jua pia kwamba nchini Slovakia gharama za uokoaji milimani hulipwa na aliyeokolewa. Kata bima inayotaja uokoaji wa milimani kwa jina, kwa kuwa bima ya kawaida ya safari mara nyingi haiugusi.

Je, si kuwakosea heshima kwenda kupanda milima ileile baada ya kusoma majina yao?

Sivyo wanavyoona wapanda milima wenyewe. Wengi hupitia hapa kwanza, husoma jina la rafiki, kisha hufunga viatu na kuendelea bondeni. Kuna pia wanaofika kwenye vibao, wakatazama wingu juu ya kilele cha Vysoká, wakarudi ziwani kunywa chai. Hao wamesoma vizuri.

Yanatofautianaje na makaburi mengine ya wapanda milima duniani?

Tofauti kubwa ni kuwepo kwa mwili. Makaburi ya Zermatt, Uswisi, ni makaburi halisi yaliyo karibu na kanisa la kijiji. Hapo amezikwa Michel Croz, mmoja wa wanne waliokufa tarehe 14 Julai 1865 kamba ilipokatika wakati wa kushuka mlima Matterhorn kwa mara ya kwanza. Mwenzake, Lord Francis Douglas, hajapatikana mpaka leo. Edward Whymper aliyeongoza msafara ule alinusurika, na kaburi lake liko Chamonix, Ufaransa, alikofia mwaka 1911.

Karibu zaidi na roho ya Ostrva ni rundo la mawe lililo juu ya kambi ya mlima K2, Pakistan, lililojengwa mwaka 1953 kwa ajili ya Art Gilkey, mpanda milima aliyefia huko. Vibao vyake vya mwanzo vilitengenezwa kwa mabati na sahani za kambini, majina yakitobolewa kwa msumari. Kule Nepal, juu ya Dughla kwenye njia ya kwenda Everest, kuna minara ya mawe yenye vitambaa vya sala, ambako Masherpa na wageni hukumbukwa bega kwa bega.

Mvua imeanza nikiwa ndani. Nijikinge kwenye kanisa?

Mvua tu, ndiyo, kama liko wazi. Ngurumo zikianza, usijibanze chini ya limba ndefu wala kushika reli ya chuma. Shuka ziwani bila kukimbia kwenye ngazi, maana mawe yaliyolowa huteleza. Nyumba ya wageni iko dakika chache chini, na ina paa imara na supu ya moto.